Punje ya Uwele Ukingoni mwa Santuri

Jumatatu saa mbili asubuhi Yoramu aliweka punje moja ya uwele juu ya sahani ya mashine ya santuri, karibu na ukingo, akakaa kwenye kigoda kuitazama. Pima maji anayo, tena nzuri, lakini anasema pima maji ina huruma, na punje ya uwele haina. Punje ikikaa dakika kumi bila kusogea, sahani imelala sawa. Siku hiyo iliondoka dakika ya saba. Yoramu akaguna, akachukua msasa.

Karakana yake iko Mkonze, nyuma ya nyumba, kati ya banda la kuku na tangi la maji. Katika miaka kumi na mmoja ametengeneza humo mashine sita tu. Kitako ni jiwe gumu la vilima vya huko huko, zito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili. Juu yake hukaa ubao wa mninga, na mkono wa sindano huchongwa kwa mpingo. Mota huwekwa pembeni, kwenye kitako chake yenyewe, ili mtetemo wake usiifikie sindano, nayo huizungusha sahani kwa uzi wa hariri. Shafti ya sahani huzunguka ndani ya bushi, kikombe cha shaba alichokikereza kwa mkono wake, na hula tone moja la oili ya cherehani kwa mwaka. Wateja wake ni watu wa masikio, na watu wa masikio ni wachache.

"Miezi minane unachonga kiti cha kukalia santuri," mkewe Elieth alimwambia akipita na ndoo. "Mimi nilipoolewa nilikalia mkeka."

"Wewe hukuwa unazunguka," alisema Yoramu.

Mashine hii ya saba iliagizwa na Jumba la Sauti, ofisi mpya mjini iliyokusanya nyimbo za zamani za mikoa ya kati. Jumamosi Jumba lingezindua upya santuri moja ya zamani, na mashine ya Yoramu ndiyo ingeipiga mbele ya wageni. Kabla ya saa nne Gaudence, ofisa wa kumbukumbu, kijana mpole mwenye viatu safi, aliileta santuri yenyewe imeviringishwa kwenye kanga, ili fundi aitegee sindano.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea bibi kizee. Amebaki huyu mmoja tu, ukimdondosha mimi sina kazi."

"Marahaba. Mlete huku."

Yoramu alivaa miwani akasoma lebo. Wimbo wa Kupura Uwele. Ugogo, 1974. Mwimbaji: hajulikani. Akaiweka kwenye mashine ya majaribio. Wanawake wengi waliitikia kwa pamoja, kwa Kigogo, "Tumekusikia!" Kisha sauti moja ikatangulia na wimbo ukaenda. Dakika ya tatu mtoto alikohoa.

"Kikohozi hicho ni changu," alisema Yoramu. "Nilikuwa na miaka minne, nimekula makapi. Na anayeimba ni mama yangu."

Mama yake, Anyesi, alikuwa ameieleza habari hiyo mara nyingi, kwa utulivu wa mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Kwenye kiwanja chao cha kupuria mwanamke hakuanzisha wimbo wa kupura kabla ya kujitaja, jina lake na la baba yake, na wenzake kumwitikia kwamba wamemsikia. Wimbo wa asiyejitaja ulihesabiwa kuwa wa kuokota. Walipokuja watu wa kurekodi, Anyesi alijitaja, akaitikiwa, akaimba. Mrekodi alisema yale maneno ya mwanzo ni mazungumzo tu, akaikata tepu kwa wembe. Ndiyo maana santuri inaanza na kundi la wanawake wakimwitikia mtu ambaye hayupo.

Kila redio ilipoupiga wimbo huo, na zamani iliupiga sana saa za mchana, Anyesi alisimamisha mchi kinuni. Kati ya mtangazaji kunyamaza na wanawake kuitikia palikuwa na nafasi ndogo, na humo alilichomeka jina lake, polepole, akiielekea redio: "Ni mimi Anyesi, binti Ndahani." Wanawake wakamwitikia, naye akaendelea kutwanga. Hakuchelewa hata siku moja. Alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nafasi ile imekaa wazi. Yoramu akiikumbuka husikia hata harufu ya unga, na humuuma.

"Mwandikeni jina," alimwambia Gaudence. "Sitaki kingine."

Gaudence alikuna kichwa. Jalada jipya la santuri lingepelekwa kiwandani Alhamisi, na kamati ingekaa Jumatano. "Mzee, mimi ningeandika hata sasa hivi. Lakini wanataka ushahidi. Neno la mtoto kwa mama yake hawalipokei."

Yoramu alisugua jiwe siku nzima, na kesho yake tena. Jumanne alasiri punje ilikaa dakika kumi, kisha ishirini. Akaiweka santuri na kuishusha sindano nje kabisa, pale ukingoni penye uwanda laini, kabla mfereji wa sauti haujaanza, kama afanyavyo siku zote kupima uzito wake. Mahali hapo hapana kitu.

"Ni mimi Anyesi, binti Ndahani," ilisema spika.

Wanawake wakaitikia. Makapi ya uwele yakaanza kutoka kwenye kitambaa cha spika, membamba na makavu, yakamwagika mezani. Elieth, aliyekuwa anaokota mayai, aliingiza kichwa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wanataga?"

"Wanataga, mama, ila yule mwekundu ananisumbua."

"Mtoe kwenye kiota, atazoea," alisema Anyesi, na wimbo ukaanza.

Elieth akaenda kuleta ufagio. Yoramu alilia kidogo, akafuta machozi kwa kitambaa cha santuri, kisha akakumbuka, akachukua kingine. Makapi yalijaza ndoo moja na nusu, na kuku waliyafurahia.

Jumatano mashine ilipandishwa kwenye pikapu na kupelekwa Jumba la Sauti. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwanasha, mwenyekiti, Optatus, fundi mitambo, na Gaudence aliyeandika muhtasari. Yoramu akasawazisha, akaweka punje, akasubiri dakika zake kumi huku mwenyekiti akitazama saa. Kisha akashusha sindano ukingoni.

Anyesi alijitaja. Mwanasha, mtu aliyelelewa vyema, akasimama kumwamkia.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Optatus alimwomba radhi, akainamia santuri na lenzi yake, akaupapasa ukingo kwa mwanga wa tochi. Alisema hakuna mfereji pale, ni laini kama ukucha. Mwanasha akapekua faili. Akauliza kwa upole kama mama ana kitambulisho.

"Sina, mwanangu. Walikuja na mashine ya vidole, ikavikataa vyangu. Walisema vimelika kwa mchi."

"Mimi nakuamini kabisa, mama," alisema Mwanasha, na uso wake ulionyesha kwamba anaamini. "Tatizo ni fomu. Inataka jina liwe ndani ya mfereji, au liwe na namba ya kitambulisho."

"Basi hangaikeni nayo," alisema Anyesi. "Mimi nina uwele wa kupura."

Gaudence aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri: kwamba mwimbaji alihudhuria kwa sauti, akajitaja, akaamkiwa, na kamati ikamshukuru. Kifungu cha mwisho kiliamua jalada libaki kama lilivyokuwa. Alipomsindikiza Yoramu hadi kwenye pikapu hakuweza kumtazama usoni, na makapi yalikuwa yamekwama kwenye kamba za viatu vyake.

"Nisamehe, mzee."

"Wewe umeandika ulichosikia," alisema Yoramu. "Yule wa wembe hakufanya hata hivyo."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Jalada jipya lilining'inizwa ukutani, kubwa kama shuka, na mtu wa kiti cha mwisho aliweza kusoma: Mwimbaji: hajulikani. Yoramu alivaa suti yake ya harusi. Ratiba ilimtaka aweke sindano mwanzo wa mfereji. Gaudence akapita nyuma yake kama anayetafuta kiti, akanong'ona, "Weka unapoona panafaa."

Akaiweka ukingoni.

"Ni mimi Anyesi, binti Ndahani."

Wanawake wa kwenye santuri wakaitikia, na safari hii akina mama waliotoka vijijini, waliokaa safu za nyuma, wakaitikia pamoja nao. Makapi yakatanda juu ya suti na vilemba. Wageni wakafunika glasi zao kwa viganja na kuendelea kusikiliza. Dakika ya tatu mtoto alikohoa, na Yoramu, kwa vumbi lile lile, akakohoa pamoja naye.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi wamesimama. Mshereheshaji akapangusa makapi kwenye karatasi yake na kusoma kilichoandikwa.

"Tumshukuru sana mama yetu huyu asiyejulikana."

"Asanteni," alisema Anyesi kwenye spika, kwa adabu.

Yoramu alinyanyua sindano, akaitoa santuri. Wafagizi wakaanza kazi. Alitoa punje ya uwele mfukoni, akaiweka juu ya sahani, akakaa kuitazama mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Punje haikusogea. Mashine haikuwa na kosa lolote.