Mlolongo Nyuma ya Birika

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama kwenye mlolongo nyuma ya birika.

Birika lilikuwa kubwa kama ghala la mahindi. Lilisimama katikati ya uwanja wa Shule ya Msingi ya Kambi Mpya, jua la saa nne likiwaka, mdomo wake umeelekezwa langoni kama bunduki. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na kiatu cha ukubwa uleule, kisigino kimelika upande mmoja. Nyuma ya kila kimoja watu walikuwa wamejipanga. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akauliza kama ni unga unagawiwa. Nikamwambia hapana, tunachagua mwakilishi wa wadi.

Mlolongo naujua. Mwaka wa themanini na nane nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tukaambiwa kura ya siri ni ya waoga, mwenye msimamo asimame nyuma ya picha ya mtu wake mchana kweupe, chifu akimwona, mwajiri akimwona, mume akimwona. Tukasimama. Mlolongo wetu ulitoka langoni, ukazunguka vyoo, ukarudi langoni. Ule mwingine watu wake wangetosha mkeka mmoja. Ule mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu, tukaenda nyumbani. Mimi sisahau. Ndiyo maana watu wa vyama hawapendi kuketi karibu nami matangani.

Kabla sijaendelea, mjue hili. Jana jioni katibu wa Chama cha Birika katika wadi yetu, Bwana Gitonga, alinitumia ujumbe. "Mama Kerubo, kesho saa moja asubuhi nitapitia kwako. Uchaguzi mdogo ni Alhamisi. Tunawahitaji watu wenu, lakini kimyakimya."

Watu wenu maana yake mashoga na wasagaji wa wadi hii. Mimi ni mmoja wao. Huu ni mwaka wa kumi na nane naishi na Nyaguthii wangu, na majirani wanatuita wale dada wawili, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyopata usingizi. Kimyakimya maana yake ni kimyakimya. Uchaguzi uliopita Birika lilishindwa na Kiatu kwa kura arobaini, kisha mahakama ikafuta matokeo. Gitonga alisema waliangushwa na mvua.

Basi niko kwenye mlolongo, na mbele yangu yuko Lumbasi.

Lumbasi alikufa siku chache baada ya uchaguzi huo. Amevaa fulana ya njano ya kampeni, birika kifuani, na bandeji ya hospitali kichwani.

"Kerubo," anasema bila kugeuka, "mimi nimekufa, wewe unanenepa."

"Ni chapati."

"Za Nyaguthii?"

"Za Nyaguthii."

"Basi sawa."

Miaka kumi na tano Lumbasi alilifanyia kazi lile birika. Alipaka kuta za wadi nzima rangi ya njano, akaandika majina ya wagombea na namba za vituo kwa mkono wake. Nne yake ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Alibeba wazee mgongoni hadi kituoni. Halafu kwenye mkutano wa mwisho mgombea akasimama na kusema, "Birika halina mashoga. Aliye hivyo humu ndani si wetu." Vijana wa chama wakageuka wote kumtazama Lumbasi, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga bendera. Hawakumngoja ashuke. Mwandishi wa habari alipouliza, Gitonga akajibu, "Huyo mtu hatumjui." Wiki ya tatu tukamzika, na chama hakikuleta hata shada.

Sasa karani anakuja. Karani ni ubao wa darasa la tano. Najua ni wa darasa la tano kwa sababu kwenye pembe moja hesabu za sehemu hazijafutwa. Unatembea kwa miguu mitatu ya mbao, na chaki inaelea mbele yake bila mkono. Ukifika kwa mtu, unamwandikia namba mgongoni ili asihesabiwe mara mbili.

"Mia na tisa," unasema. "Mia na kumi."

Unafika kwa Lumbasi. Unasimama. Unanusa. Ubao hauna pua, lakini unanusa.

"Hapa pana pengo."

"Hapa pana mtu," nasema.

"Mama, mimi ni ubao. Nasema kilichoandikwa juu yangu." Unageuka, na nyuma yake pameandikwa kwa herufi kubwa: BIRIKA HALINA MASHOGA. "Ni tamko la chama. Hawamo. Asiyekuwemo hahesabiwi. Nikimhesabu asiyekuwemo, huo ni wizi wa kura, na mimi ni karani mwaminifu."

"Na mimi?"

Unaninusa. "Pengo," unasema, kisha unawapazia sauti walio nyuma yangu: "Sogeeni mbele, mzibe pengo."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu anasogea. Anapita ndani yangu. Nahisi vifungo vya koti lake vikikwaruza mbavu zangu kwa ndani, na mpini wa mwavuli wake ukipita karibu na moyo. "Hapa pana baridi," anamwambia mkewe. Naye mke anapita.

Natazama mlolongo mzima, nayaona mapengo yote. Yupo mwalimu wa hisabati wa shule hiihii. Yupo kinyozi wa soko la chini, wasichana wawili wa chuo cha ualimu, askari wa kaunti akiwa na sare, na yule baba wa kwaya anayeimba sauti ya nne. Wengine siwajui, na mimi nilidhani nawajua wote. Watu wanapita ndani yao, nao wamesimama wima, macho mbele, kama watu waliozoea.

Nakwenda kwa Birika kulalamika. Ni hatua kumi tu, lakini ya nne inanikuta kwenye korido ya hospitali. Birika limekaa juu ya dawati la nesi, dogo sasa, kama la nyumbani, likitokota polepole. Mlolongo unapita katikati ya korido na hakuna anayeona ajabu.

"Mnatuhitaji au hamtuhitaji?" nauliza.

"Tunawahitaji sana, mama." Sauti yake ni ya mtu anayezungumza na simu huku akikutazama wewe.

"Basi mwambieni karani kwamba tupo."

"Hilo haliwezekani. Kiatu kitasikia."

"Kiatu kinatutukana kila Jumapili."

"Ndiyo maana nyinyi ni wetu. Mtaenda wapi? Mtaenda kwa Kiatu?" Birika linacheka, kifuniko kikigongagonga. "Mtu asiye na pa kwenda habembelezwi. Kunywa chai."

Linanimiminia. Kikombe kinajaa mvuke. Nakigeuza chini juu, hakidondoki kitu.

Nesi anatokeza kichwa mlangoni. "Huyu wa kitanda cha sita ni wa nani?"

"Hatumjui," Birika linasema, kwa sauti ya Gitonga.

Nesi anaandika. Naweka kikombe chini, na dawati limekuwa nyasi za uwanja, na Lumbasi yuko palepale nilipomwacha.

"Limesema hatuna pa kwenda," namwambia.

"Ni kweli," anasema Lumbasi. "Lakini miguu inaniuma. Mimi nakaa."

Anakaa. Nami nakaa. Mwalimu wa hisabati anatuona, anakunja suruali yake vizuri magotini, anakaa. Kinyozi anakaa. Wasichana wawili wanakaa wakiwa wameshikana mikono. Askari anavua kofia kwanza. Ubao hauna habari, kwa maana pengo likikaa halionekani kuwa limekaa.

Kisha anakaa mtu aliyekwisha kuhesabiwa. Ni Mama Nekesa, mamake Lumbasi, kitambaa cha bluu kichwani, hamsini na mbili mgongoni.

Ubao unamkimbilia. "Mama, wewe upo. Simama."

"Mwanangu amekaa," anasema Mama Nekesa. "Mimi nitasimama na nani?"

"Mwanao hayuko."

"Nilimzaa Jumanne, mvua ikinyesha. Niambie tena hayuko."

Kaka wa yule mwalimu wa hisabati anakaa. Nyanya ya wale wasichana anakaa, akilaani magoti yake. Sauti ya nne ya kwaya inakaa yote. Ubao unaandika, unafuta, unaandika, mpaka vumbi la chaki linakuwa ukungu na sioni tena lango la shule.

"Kiatu kimeshinda," ubao unatangaza kutoka ndani ya ukungu. "Kwa watu arobaini."

Birika linaanza kupoa. Sikuwahi kusikia chuma kikiogopa. Kinalia kama mlango wa chumba ambacho hakina mtu.

"Simameni," linasema. "Karani, rudi. Nitasema wamo. Nimesema wamo."

"Sema jina langu," anasema Lumbasi.

Kifuniko kinatetemeka. "Kijana wetu..."

"Jina."

"Kijana wetu mpendwa..."

Ndivyo walivyomwita miaka kumi na tano. Kijana wetu, lete ngazi. Kijana wetu, andika pale juu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili walipomwangusha. Birika linajaribu tena, linainama kwa bidii, na kinachotoka mdomoni si jina. Ni maji ya njano, rangi ileile ya kuta, yanatiririka hadi miguuni petu, nayo ni baridi.

Lumbasi anasimama, anaichukua chaki hewani. Ubao haubishi. Umechoka, unaegemea goli na kufumba macho ambayo hauna.

Anaanzia mbele ya mlolongo, mimi akiniacha wa mwisho. Anatuhesabu sisi tuliokaa, mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyokuwa akiandika ukutani. Kwa mamake anakawia kidogo. Namsikia akija. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Kisha baridi ya chaki inaingia kati ya mabega yangu.

"Arobaini na moja," anasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sipigi kura tena, Kerubo. Nahesabu tu."

"Kerubo, amka," Nyaguthii ananitikisa. "Gitonga yuko mlangoni, amevaa ile kofia yake."

Nikaketi, nikitafuta viatu kwa miguu.

"Ngoja," akasema. "Umelalia nini?"

Akanivuta karibu na dirisha. Nyumba yetu haina chaki. Hatushoni, hatuna mtoto wa shule.

"Kuna namba mgongoni, kwenye gauni lako. Nne na moja."

"Hiyo nne ikoje?"

"Iko wazi juu," akasema. "Kama kiti kimepinduliwa." Akatazama nje, ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa kinu cha posho, ambako mwandiko wa Lumbasi bado haujafutika. Kisha akalamba kidole gumba. "Nifute?"

"Acha."

Nikaenda mlangoni bila leso mabegani. Gitonga alikuwa kwenye ngazi, pakiti ya majani ya chai mkononi, akiangalia barabara kuona nani anamwona.

"Mama Kerubo, habari ya asubuhi. Sitakaa. Watu wenu watatoka Alhamisi?"

"Taja kwanza jina la yule mtu mliyesema hamumjui."

"Yule kijana wetu?" Akatabasamu. "Mama, hayo si yalipita? Tuongee mambo ya leo. Kwanza sijawahi kukuuliza. Nyinyi mko wangapi hasa?"

Nikamgeuzia mgongo.