Kitanda Juu ya Pikipiki

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yetu alikwenda kupiga kambi peke yake. Mimi nilibaki na cherehani yangu. Kulala juu ya mawe na siafu nilimwachia yeye.

Kisha akaleta nyumbani trela la boksi, lenye paa, na mlango wa nyuma unaoshuka mpaka chini ukawa daraja.

"Safari hii twende wote, mke wangu. Pikipiki ndani, sisi ndani."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ile ya magurudumu manne, ya kupita kwenye matope na vilima. Aliiunga mwenyewe kwa miaka miwili, kwa vipuri vya kuokoteza.

"Nitakuja kwa sharti moja," nilimwambia. "Kitanda cha kweli. Nikae, nilale. Kupanda ngazi sipandi, mimi si kuku."

"Kuku asingekuwa na masharti," akajibu, akaenda zake karakana.

Safari ilikuwa Jumamosi. Alijua nikipata sababu ya kukataa safari hiyo, hatanipata tena maishani. Nami nilijua kwamba anajua.

Akaweka kabati za plaiwudi ukutani, akafunga sakafuni pete nne za chuma za kuishikia pikipiki isitembee njiani. Kitanda kilikuwa kikae upande wa mbele, na pikipiki iingize pua yake uvunguni. Jumatano akanipigia simu kutoka karakana.

"Nipimie pikipiki hapo uani, kutoka chini kwenda juu. Nataka kukata miguu ya kitanda."

Nikashusha futi yangu shingoni, nikapima, nikamsomea: sentimita themanini na tano.

"Una hakika?"

"Nimeshonea maharusi mia tatu, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Ijumaa mchana kitanda kilikuwa kimeshakazwa kwa skrubu, godoro juu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja kusaidia kusukuma. Pikipiki ikapanda daraja vizuri, ikaingia, ikaingia, kisha ko! Usukani ukagonga ubao wa kitanda.

Mume wangu akachukua futi yake ya chuma, akapima. Mia moja na kumi na tano. Akanigeukia polepole.

"Mke wangu, ulipima kutoka chini mpaka wapi?"

"Mpaka begani." Nikamwonyesha pale tangi la mafuta linapoishia.

"Na usukani?"

"Hicho si kichwa? Nani anapima kichwa? Gauni linaanzia begani."

Shemeji alikaa chini palepale darajani, akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, shukuru hakuipima na kiuno!"

"Kiuno nilipima," nikasema.

Mume wangu peke yake hakucheka. Akatazama kitanda, akatazama paa, akanitazama mimi na ufupi wangu. Akikipandisha, godoro litafika usawa wa kidevu changu. Akikiacha, pikipiki haingii.

"Irudishe nyuma," akamwambia mdogo wake. "Itabaki. Tutakwenda mimi na shemeji yako."

Alisema bila kunitazama, mkono wake ukiwa juu ya kiti cha pikipiki, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye angependa abaki. Miaka miwili nilikuwa nimemsikia, ukuta ukiwa katikati yetu, akiibembeleza ile injini kwa maneno ambayo mimi sikuyasikia tangu fungate. Nilikuwa naionea wivu, sifichi. Lakini sasa alikuwa anaiacha ili anipate mimi, tena bila kunung'unika.

"Kipandishe," nikasema.

"Umesema hupandi."

"Nimesema sipandi ngazi. Kiti cha pikipiki sikukitaja."

Wakafungua skrubu, wakaunga miguu, wakakaza upya. Kabla jua halijazama pikipiki ilikuwa uvunguni, imefungwa kamba kwenye pete zake. Nikavua viatu. Nikakanyaga pa kuwekea miguu, nikakanyaga kiti. Shemeji akageuka kutazama barabara kwa heshima. Mume wangu akanisukuma kwa nyuma bila heshima yoyote.

"Sukuma kama mtu!"

"Hata kabati la milango mitatu halijanitoa jasho hivi."

Nikafika. Kukaa hakukuwezekana, paa lilikuwa karibu mno, nikajilaza chali. Akapanda naye, akajigonga paji la uso, akalala kando yangu akinuka gundi na vumbi la mbao. Safari zetu zilikuwa nne tu kabla hajaugua, na picha ya siku ile sina. Lakini nakumbuka tulivyolala pale, watu wazima wawili wamebanwa kama nguo kwenye sanduku.

"Sasa?" akauliza. "Kesho unakuja, au unabaki na cherehani?"

"Nitakuja tu," nikamjibu. "Sioni namna ya kushuka."