Posa Juu ya Jani la Mgomba

Nyumba ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe hakosi haja. Bi Nenah alilijua hilo tangu utotoni, ila ubaridi wa Pangalengan, huko milimani Java, ulikuwa umemlevya kidogo. Mtu wa Karawang, ambako jasho huamka kabla yako, akipewa mlima uliojaa chai mpaka macho yanapokoma na blanketi zito la kujifunika, husahau kuuliza maswali.

Walikuwa wanawake wanne wa darasa moja la Kurani la kila Alhamisi, wamekuja kupumzika. Mkubwa wao, kwa sauti si kwa umri, alikuwa Hajati Rokayah, mjane kama Bi Nenah, aliyehiji mara moja tu lakini hadithi zake zote zilikuwa bado zinasubiri mizigo uwanja wa ndege wa Jeddah. Nyuma yake alikuwa Bi Iting, ambaye Hajati akicheka naye hucheka, Hajati akinyamaza naye hufunga mdomo kama mkoba wa zipu. Wa mwisho ni Bi Popon, mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa kama uji: humiminika upande wowote unaoinamishwa.

Nyumba ilikuwa ya Haji Sobandi, mfuga ng'ombe wa maziwa, aliyefiwa na mke mwaka uliopita. Kila asubuhi alileta maziwa mwenyewe, ingawa vijana wa kazi anao, akakaa barazani na kuzungumza. Mazungumzo yake yalikuwa mawili: ng'ombe wake, na mama yake mzee ambaye hataki kuogeshwa na mtu wa mshahara. Akimaliza moja huingia la pili, na mara nyingine Bi Nenah hakujua amehama saa ngapi.

Zikabaki siku mbili waondoke.

"Kesho tunakula wali wa liwet juu ya majani ya migomba, chakula cha kuagana," Hajati akatangaza. "Da Nenah, mpishi wewe. Na uvae ile blauzi yako ya kebaya, ya kijani."

"Ya hariri? Nikae sakafuni nile samaki wa chumvi na hariri?"

"Picha, shoga! Picha za mwisho!"

"Za mwisho!" akacheka Bi Iting.

Jioni Bi Nenah alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga, Bi Popon akimsaidia kwa kuzichanganya zile zilizokwisha chambuliwa na zile bado.

"Da Nenah," Bi Popon akasema kwa huruma, "ukishahamia huku, usinisahau na maziwa."

"Kuhamia wapi?"

Bi Popon akaziba mdomo.

"Umeshautoa mguu mmoja, Popon. Toa na wa pili."

Ukatoka. Haji Sobandi alikuwa anatafuta mke mtu mzima, mcha Mungu, mwenye mikono ya kazi. Hajati akamwambia bidhaa anayo. Haji akasema basi mleteni nimwone, nyumba ipo.

"Mmenibadilisha na blanketi."

"Na maziwa," akasema Bi Popon, ambaye hakujua kusema uongo hata pale ulipokuwa sadaka. "Hata kaka yako Udin ameshapigiwa simu. Kasema kesho ukiulizwa ukanyamaza tu, yeye ameozesha. Usinitaje, Da Nenah."

Bi Nenah akaendelea kuchambua. Huko Karawang alikuwa na nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe Ading, na kaburi lake hatua chache tu, nyuma ya msikiti, na wajukuu wawili aliowalea kwa kuwa mama yao alifanya kazi kiwandani, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Na hawa walitaka kumng'oa huko kama mche wa mpunga, wakamchomeke mlimani penye mama wa mtu.

Angeweza kufunga mzigo usiku ule. Lakini aliujua mdomo wa Hajati. Ungetangulia kufika Karawang, na mtaa mzima ungesikia kwamba Nenah alikubali, akala vya watu, kisha akaingiwa na wazimu. Bora aulizwe mbele ya mashahidi. Akatawadha, akaswali, akalala.

Siku ya pili adhuhuri majani ya migomba yalitandazwa sakafuni, wali wa moto ukamwagwa katikati, samaki wa chumvi, tempe ya soya, mboga mbichi, pilipili ya kusaga. Bi Nenah alivaa gauni lake la kahawia la kupikia. Hajati alilitazama kama mtu aliyeona mende kwenye msala, akamkalisha uso kwa uso na Haji Sobandi.

Haji alikula vizuri. "Wali laini. Mama yangu hana meno."

"Mikono hiyo, Haji, mikono!" akadakia Hajati. "Mumewe aliugua mpaka akawa hajigeuzi kitandani. Nani alimgeuza? Huyu. Nani alimsafisha? Huyu. Hakuchoka hata siku moja!"

Alichoka. Alichoka mpaka akawa analia chooni asisikike, na katika siku zile Hajati alikuja kumjulia hali mara moja, akakaa karibu na mlango kwa sababu ya harufu. Leo harufu ile ile imekuwa manukato ya kuuzia. Dalali wa ng'ombe ana haya zaidi. Yeye humfungua ng'ombe mdomo mnunuzi aone meno, lakini hamuuzi kwa machozi yake.

Haji akajifuta. "Basi, Hajati, lile neno letu?"

"Neno limefika! Si unamwona alivyoinamisha kichwa? Kanyamaza. Mwanamke mwenye haya hujibu kwa kimya."

"Alhamdulillahi!" akasema Bi Iting. Bi Popon alikuwa anachungulia pilipili kama kisima.

Bi Nenah akanawa vidole kwenye bakuli, polepole.

"Nimenyamaza kwa kuwa nina mwiba wa samaki kinywani, Hajati. Sasa nimeutoa. Kimya ni idhini ya mwari. Mjane huulizwa, akajibu kwa ulimi wake. Hilo tumesomeshwa pamoja. Mimi nilikuwa nasikiliza, wewe ulikuwa unagawa karanga." Akamgeukia Haji. "Haji, niulize."

Masikio ya Haji yalikuwa yameiva. "Bi Nenah, unakubali nikuoe?"

"Sikubali. Unatafuta mtu wa kumwogesha mama. Ni kazi ya thawabu, lakini mama ni wako, na mikono hata wewe unayo."

"Da Nenah!" Hajati akapiga kelele. "Mtu katupa nyumba, katupa maziwa!"

"Kawapa ninyi mlioahidi. Mlipeni ninyi. Wewe si mjane pia, Hajati? Mkamilishie Haji."

Haji Sobandi akamtazama Hajati Rokayah: pete, kucha, mdomo uliobaki wazi. "La," akasema upesi, "la, la. Mama yangu hapendi kelele."

Bi Iting akacheka kabla hajakumbuka kutazama kama Hajati anacheka.

Haji alimaliza samaki wake, kwani posa kuvunjika hakuvunji chakula. Kisha akasimama, akasema amekumbuka kuna wageni wa kutoka Bandung, nyumba inatakiwa leo hii. Siku ya mwisho, ile waliyoiweka kwa ajili ya kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto, ikaenda hivyo. Walifunga mizigo mvua ikinyesha, kila mmoja akimpa Bi Nenah mgongo, na yeye akaikunja kebaya yake ya hariri vizuri isijipinde.

Waliteremka mlima kwenye gari la kukodi, yeye mbele na dereva. Kabla hawajafika bonde la Bandung simu yake ikalia. Ni kaka yake.

"Haya, Nenah, mambo vipi? Ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, Kaka. Nimekataa."

"Umekataa! Mke wangu ameshawaambia majirani!"

"Basi atoke tena akawaambie. Aanze na nyumba ile ile aliyoanzia, asiruke hata moja. Na mlango wangu mmwambie mjukuu asiufunge, nafika usiku."

Nyuma ya gari Hajati Rokayah alijifanya amelala, akikoroma kwa nguvu kama mtu aliye macho.