Rudisheni Mtama

Katika maisha yake yote Mzee Bushiri alikuwa amemaliza kitabu kimoja tu, na hicho nacho alikimaliza kwa hofu ya fimbo, enzi za mkoloni. Kilikuwa kile cha mtunza ghala wa mtemi, aliyeficha mtama wakati wa njaa ya nzige huku wenzake wakila mizizi. Kila aliyepita shule miaka ile alikijua. Basi waliposhuka Babati watu watatu kutoka Dar es Salaam wakasema wanakigeuza kuwa filamu ya kuchekesha, ya mambo ya leo, mji mzima ulifurahi. Bushiri naye alifurahi, mpaka mwongozaji wao, kijana wa ndevu aitwaye Msafiri, alipokuja kuomba kupiga picha dukani kwake.

"Mtunza ghala tumemfanya mwenye duka, mzee."

"Vyema."

"Na mtama tumeufanya sukari."

Bushiri akashika meza. "Ameificha wapi?"

"Chini ya kitanda. Anataka kumwozesha binti yake."

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako. Watu walimwaga mafuta ya kula chooni na kutupa sabuni ziwani, heri hasara kuliko kuitwa mhujumu uchumi. Na chini ya kitanda cha Bushiri, nyuma ya masanduku, lilikaa gunia la sukari. Alilikusanya kilo kwa kilo kwa ajili ya harusi ya binti yake Siti, mwezi ujao. Walijua yeye, mkewe Mwanne, na panya. Likionekana, harusi hakuna, na baba wa bibi harusi yuko ndani.

Hawa si watu wa filamu, alijiambia. Filamu gani inajua mpaka uvungu wa mtu?

Kesho yake alasiri Msafiri alirudi na Bwana Fabiani, ofisa utamaduni, mtu ambaye neno lake moja kituoni lilitosha kumfungulia mtu mlango wa mahabusu. Bushiri aliwakaribisha sebuleni. Alikuwa amejiandaa.

"Kitabu ni urithi wa taifa," alianza. "Mtama ulikuwa mtama. Rudisheni mtama!"

Fabiani akamkazia macho. "Mzee Bushiri, vitabu umeanza kuvipenda lini? Vile vya elimu ya watu wazima nilivyokuletea ulivifungia karanga."

"Ndipo nikavisoma, karatasi moja moja."

Akaendelea kutetea urithi. Duka lirudi kuwa ghala. Harusi ifutwe, haimo kitabuni. Na kitanda je? Mtemi gani alilalia kitanda cha chuma?

"Cha chuma?" aliuliza Msafiri. "Mimi sikusema cha chuma."

Bushiri akakohoa. Msafiri akacheka mpaka akafuta machozi. "Mzee, unajua wewe ni wa ngapi? Kondoa mwenye duka alitaka turudishe mtama. Singida hivyo hivyo, tena yule alilia kabisa. Wazo la kitanda nimelitoa kwa mama yangu mzazi, Magomeni."

Hapo ndipo Bushiri alipoelewa kwamba hakuna aliyemchongea. Alikuwa amekaa pale saa nzima akijichongea mwenyewe. Fabiani alimtazama kama mwalimu aliyeona majibu kwenye kiganja cha mwanafunzi.

Hapo Mwanne akaingia na sinia. Alikuwa jikoni muda wote, hakusikia lolote, na mama yake alimlea kujua kwamba mgeni hapewi chai ya kumkunja uso. Miezi ile, kwa kukosa sukari, Babati nzima ilikunywa chai kwa karanga. Msafiri alionja, akaonja tena. Fabiani akaonja, akakiweka kikombe chini polepole.

"Mama Siti, chai hii umetia nini?"

Mwanne akamwangalia mumewe, na rangi ikamtoka.

"Asali," Bushiri akadakia. "Ya kule Nakwa."

Fabiani akanywa mpaka chini, akalamba midomo. "Baba yangu amerina asali Mbulu miaka arobaini," alisema. "Nyeupe namna hii hakuwahi kuileta nyumbani." Akasukuma kikombe mbele. "Niongezee, mama. Halafu mke wangu amejifungua juzi, uji haupandi. Mnifungie kidogo asali hiyo nimpelekee."

"Nitafute chupa?" Mwanne aliuliza kwa sauti ndogo.

"Karatasi inatosha. Haitamwagika."

Msafiri alikuwa ameshatoa daftari, kalamu inakimbia.

"Unaandika nini wewe?" Bushiri akafoka.

"Sukari naitoa, mzee, kama ulivyotaka. Naweka asali."

"Mtama!"

Waliondoka jua likielekea kuzama, Fabiani na kifurushi chake, Msafiri na chake. Bushiri akaingia chumbani, akalivuta gunia, akalipapasa. Lilikuwa limelegea shingoni.

"Mpelekee habari mama mkwe wa Siti," alimwambia mkewe. "Harusi ni Ijumaa hii."

"Ijumaa hii! Baba Siti, gauni hata halijakatwa!"

"Aolewe na kanga. Mke wa Fabiani ana dada wanne, na wote ni wajawazito."