Sehemu ya Nane

Mwaka ule wa themanini na nne, sabuni ilipokuwa kitu cha kufichwa kabatini na sukari kitu cha kusimuliwa, Mwamvua binti Maulid alikuwa na kazi moja tu duniani: kumzuia mwanawe asitoroke hospitali kabla ya sindano ya sitini.

Sitini, wala si hamsini na tisa. Daktari alisema mbele ya mgonjwa mwenyewe, bila kuzunguka. "Mara ya kwanza alitoroka kwenye sindano ya thelathini, na ugonjwa umerudi na damu. Akikatiza tena, mama, vijidudu vitakuwa vimeshaizoea dawa, na mimi sina dawa nyingine." Mwamvua alitaka kuuliza, halafu je? Akaumeza ulimi, maana hiyo halafu aliijua. Marehemu mumewe aliondoka kwa kifua kikuu hichohicho, na kopo alilokuwa akitemea damu alilizika yeye Mwamvua kwa mikono yake nyuma ya nyumba, barabara ya tisa, Ngamiani.

Kibaya ni kwamba Tuhfa, bintiye huyo, alikuwa anapata nafuu. Ndiyo, kibaya! Mgonjwa aliyezidiwa hatoroki, atatoroka na miguu ya nani? Anayetoroka ni yule aliyeanza kumaliza sahani na kujitazama kwenye kioo. Tuhfa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkwaja, miaka ishirini na minne, na majibu alikuwa nayo mdomoni kabla hujamaliza swali. Kikohozi kilikuwa kimekatika. Kilichomuudhi sasa ni masikio yaliyovuma kutwa kwa sababu ya sindano, makalio yaliyojaa manundu, na vitanda viwili vya jirani ambavyo ndani ya wiki moja tu vilikuwa vimefunikwa shuka gubigubi.

"Mama, mimi nimepona," alikuwa akisema kila asubuhi. "Nnangoja nini hapa, zamu yangu?"

"Funga mdomo wako! Unangoja sitini."

Siku ya sindano ya arobaini na tano alifunga furushi. Mwamvua akatoka nje ya geti akalie mahali asipoonekana, na ili asionekane analia akanunua karanga. Muuzaji alikuwa Zebedayo, Mbondei mmoja mpole mwenye kigoda na ungo, aliyekaa kivulini mwa ukuta wa hospitali. Tuhfa alizila karanga kwa hasira. Kisha akaukunjua ukurasa zilimofungwa, akausoma, akaugeuza, akausoma tena.

"Zilizobaki ziko wapi?"

"Karanga?"

"Kurasa, mama! Kurasa!"

Hakuambiwa mara mbili. Alirudi kwa Zebedayo mbio, mama mtu mzima, khanga inamvuka. Kumbe ilikuwa hadithi ya sehemu kumi, kila sehemu kijitabu chake, iliyochapwa hapohapo mjini kabla karatasi haijaadimika. Zebedayo alikuwa amepewa rundo kwenye stoo moja kuukuu, naye akivichana kufungia karanga. Mwamvua akamtolea kipande cha sabuni alichokuwa amekitunza tangu Idi.

"Mama, kwa sabuni hii ningekupa na kigoda ninachokalia," alisema Zebedayo, akamkabidhi rundo lote.

Vilikuwa vijitabu saba, kuanzia cha kwanza, kile alichokuwa ndiyo kwanza ameanza kukichana. Cha nane, cha tisa na cha kumi vilikuwa vimeshakwenda na karanga za watu. Zebedayo aliahidi kwenda kuangalia stoo kama kuna vingine. Mwamvua akarudi wodini na uso mkavu, akamwambia mwanawe uongo mnene kabisa.

"Ninazo zote kumi. Nimezificha. Utapata moja kwa siku, na kwanza sindano, halafu hadithi."

Tuhfa alimtazama, akalifungua furushi.

Hadithi ilikuwa ya chombo kiitwacho Kimondo, kilichoruka kutoka duniani na watu arobaini kwenda kutafuta sayari nyingine ya kukaa. Njiani wakapatwa na maradhi yasiyojulikana, wakawa wanapukutika. Nahodha wao alikuwa mwanamke, Zuhura, na bila yeye hakuna aliyejua njia ya kurudi. Tuhfa alikuwa akisoma ameuma khanga, na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia mkononi, maana ualimu ni maradhi vilevile: kila kosa la mpiga chapa alilizungushia duara. Mwamvua alisonya.

"Uongo mtupu. Mwanamke mzima kuruka na chuma mbinguni! Mumewe yuko wapi?"

Lakini jioni, njiani kurudi Ngamiani, alikuwa akikaa kwenye ukingo wa mfereji na kijitabu cha siku ile. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, na cheti chake kilining'inia ukutani karibu na picha ya Makka. Alisoma kwa midomo, silabi kwa silabi. Giza lilipoingia Zuhura bado yuko hatarini, aliondoka pale amenuna.

Sindano ya hamsini na moja ilichomwa Jumatano, na siku ile akatoa kijitabu cha saba. Mwishoni mwake Zuhura alikuwa amefungiwa na waasi ndani ya chumba cha hewa, kile kijichumba cha kutokea nje ya chombo. Hewa imebaki ya saa moja. Kushoto kwake waasi, kulia kwake mlango wa nje, na nje hakuna kitu, ni utupu mweusi wa maelfu ya maili. Na mlango huo wa nje ukagongwa, taratibu, kama mtu abishaye hodi.

Basi, ukurasa umekwisha.

"Ni nani?" Tuhfa alipiga godoro kofi. "Mama, nani anabisha huko?"

"Kabisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi bado. Hodi ni mara tatu. Mtu akibisha mara tatu asipofunguliwa, anaondoka zake. Hata huko juu, kama ana adabu."

Tuhfa alicheka, akashika ubavu. Mwamvua naye alicheka, na kikapuni hamna kitu, na kesho inakuja.

Alhamisi Sista Benedikta aliingia na sinia la sindano, akakuta mama na mwana wanatazamana.

"Leo hadithi kwanza," alisema Tuhfa.

"Kwanza sindano."

"Nionyeshe tu jalada."

"Kwanza sindano, Tuhfa."

Sista alisimama na bomba lake mkononi, hajui amtazame nani. Mwishowe Tuhfa alijilaza kifudifudi bila kuyatoa macho kwenye kikapu. Akachomwa, hata hakuguna. Sista akatia alama kwenye kadi ya kitandani: hamsini na mbili. "Zimebaki nane, mwalimu," akasema, akapita kitanda cha pili.

"Haya," Tuhfa alinyoosha mkono. "Lete."

Mwamvua aliingiza mkono kikapuni. Akapapasa chupa ya chai, bakuli, kitambaa. "Nimeisahau nyumbani."

"Wewe hujasahau kitu tangu unizae. Huna."

Mwamvua alikifunika kikapu.

"Hukuwa nayo. Umenizungusha wiki nzima kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Nimekuzungusha," alisema Mwamvua. "Na ningekuzungusha mwaka mzima."

Tuhfa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mamake. Alisema polepole tu. Shule imefunguliwa. Kesho asubuhi kuna lori la Mkwaja, dereva wanafahamiana, atapita getini saa moja, atapiga honi mara tatu, na asipomwona mtu ataenda zake. Yeye ataonekana. Sindano ni saa tatu, kwa hiyo hatakuwa na haja ya kuagana na Sista. "Na usinililie, mama. Nimepona. Mwili ni wangu."

Mwamvua alitoka akaenda moja kwa moja kwa Zebedayo.

"Stoo umekwenda?"

"Nimekwenda, mama. Bati limetoboka, mvua imeingia. Makaratasi yote yamekuwa uji."

Alikaa chini palepale, mchangani, miguu imenyooka. Zebedayo alihangaika, akampa karanga, akampa maji. Mwamvua hakuvitazama. Alikuwa anatazama karatasi za kaki alizokuwa akifungia Zebedayo siku hizi, zilizokatwa kwenye mfuko wa saruji.

"Nipe moja kubwa," alisema. "Na hiyo penseli ya sikioni."

Tangu achukue cheti, Mwamvua hakuwa ameandika kitu zaidi ya jina lake. Sasa aliupindua ungo wa Zebedayo, karanga zimehamia guniani, akaweka karatasi juu yake, akaanza. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango. Alitoka jasho. Aliandika neno, akalisoma kwa midomo, akalifuta kwa kidole na mate. Wateja walikuja wakaondoka, na Zebedayo akawafungia karanga kwa sauti ya chini kama yuko msikitini, yeye Mlutheri. Alasiri ikapigiwa adhana. Karatasi ilijaa mpaka ukingoni, neno la mwisho likajibana kwenye pembe, na kumbe maneno yenyewe bado anayo mengi. Zebedayo alipapasa chini ya gunia. Karatasi nyingine kubwa hakuwa nayo.

Ijumaa saa kumi na mbili unusu Mwamvua alikuwa wodini. Tuhfa ameshavaa buibui, furushi liko juu ya kitanda kilichotandikwa. Shikamoo haikutoka siku ile, na Mwamvua hakuidai.

"Ya nane hii," alisema, akamwekea karatasi mapajani.

Tuhfa aliitazama ile kaki, vumbi la saruji bado limo kwenye mikunjo. Alizitazama zile herufi. Alijua mara moja, maana mwalimu huujua mwandiko wa kila mtu wake. Mdomo ulifunguka kusema neno, kisha macho yakaingia kwenye mstari wa kwanza.

*Nahoza Zuhura akauliza nani. Mgeni akasema mimi nimekuja kukuchukuwa. Zuhura akamjuwa. Ndie aliyemchukuwa babake. Akajibu kwa ndani mwenyewe hayupo.*

Nje ya geti honi ya lori ililia mara moja.

Mwamvua aliganda. Tuhfa aliinua kichwa kuelekea dirishani, akakishusha.

*Mgeni akabisha mara ya pili. Zuhura akasema weye husikii nshakwambia mwenyewe hayupo yuko kwenye sindano kabakiza nane. Rudi ukiwa umezeeka. Kisha akaushika mlango kwa mikono miwili na mamake nae akashika.*

Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya mtu aliyekasirika. Tuhfa alilivuta furushi karibu, akalishika fundo. Mwamvua alitaka kuuzuia ule mkono. Alitaka kupiga magoti, kupiga kelele, kumfunga mwanawe kitandani kwa khanga. Hakufanya hata moja. Alisimama tu anasoma midomo ya mwanawe, iliyokuwa inasoma.

"Mama."

"Naam."

"Huyu mama yake Zuhura aliingiaje humo chomboni? Katika sehemu zote saba hayumo."

"Aliingia," alisema Mwamvua. "Mwanawe yuko ndani. Sasa yeye akae wapi?"

Tuhfa pua ilikuwa inamcheza. Aliurudia mstari wa mwisho, ule uliojibana kwenye pembe: *Mgeni akainua mkono abishe mara ya tatu na*

"Na nini?"

"Karatasi iliisha."

Honi ililia mara ya tatu. Wodi nzima ilisikia, na mama mmoja kitanda cha mwisho akauliza ni nani huyo asiyejua hapa pana wagonjwa. Tuhfa alikaa. Mkono ulikuwa bado kwenye fundo la furushi. Kwa nje gia iliingizwa, injini ikanguruma, ikazidi, ikapungua, na mwisho ikabaki sauti ya ufagio wa mtu anayefagia uani.

Ndipo Tuhfa alipoufungua mkoba wake, akatoa kalamu nyekundu. Alifanya kazi yake kimya, ameinama, buibui limemfunika uso. Akaizungushia duara *nahoza*, akaandika juu yake *nahodha*. Akapigia mstari *kukuchukuwa*. Nukta alizosahau mamake akaziweka. Kwenye mstari wa mama na mlango hakugusa kitu. Mwishowe akaandika maneno machache chini kabisa, akamrudishia mamake karatasi, akavua buibui na kulitundika kwenye msumari.

Mwamvua aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Macho yalikuwa na maji, na herufi za walimu zimelala sana. Alianza kwa midomo, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. *Ha-i-ja-ka-mi-li-ka.* Akameza mate. *Le-te.*

Neno la mwisho lilimchukua muda. Alilisoma mara mbili kwa sauti ili awe na hakika.

"Ke-sho," alisema. "Kesho."

"Na uje na karatasi ya kutosha," alisema Tuhfa, akajilaza kifudifudi kuingoja saa tatu.