Kikasha cha Kafuri

Miraji alikuwa fundi wa kukereza mbao, duka lake mtaa wa Kiponda, na kwa kazi hiyo alikuwa na jina. Ukitaka miguu ya kitanda, kwake. Ukitaka kikasha cha mviringo chenye kifuniko cha kubana, kwake vilevile. Ila alikuwa na ubaya mmoja, na mimi nitausema: hakuwa na ulimi wa kumwambia mteja "ngoja".

Basi mwaka wa hamsini na tano, jua la kaskazi linachoma, akamjia Bi Mashavu. Bibi huyu alikuwa amekwenda kuhiji, akarudi na kafuri ya Makka imefungwa kitambaani, na wasia wake ulikuwa mmoja: siku atakayokufa aoshwe kwa kafuri ile, si nyingine.

"Nnataka kikasha cha kuiweka, mwanangu," akasema. "Kifunge barabara. Na nikipate wiki hii hii."

Miraji akaitikia inshallah. Sasa, kila mkereza anajua kikasha hutengenezwa vipi. Kwanza unakichimba kinene kinene, halafu unakifukia ndani ya maranda na kukisahau miezi, mti ukauke na kujikunja utakavyo. Ndipo unakirudisha kwenye kerezo na kukimaliza. Miraji alikuwa na gogo la mfenesi lililokatwa Bububu juzi tu, bichi, maji yakimrukia usoni kila patasi ilipogusa. Akaujua ubichi wake, akavuta upinde unaozungusha kerezo vivyo hivyo, akachimba, akapiga msasa, akamaliza siku ile ile. Kifuniko kilipoingia kilisema "pu!" na Bi Mashavu akacheka kwa furaha. Miraji naye akajiona bingwa!

Kikasha kikakaa kabatini. Mti ukakauka, ule mviringo ukawa yai, kifuniko kikauma kisitoke tena. Bibi hakujua, kwa sababu hakuwa na haja ya kukifungua.

Akafa mwaka uliofuata, katikati ya masika. Wanaume walikuwa wamekaa barazani nje ya nyumba yake, Miraji kati yao. Mara Pandu, nduguye marehemu, akatoka ndani jasho linamtiririka, kikasha mkononi.

"Hakifunguki," akasema. "Waoshaji wanangoja. Miraji, hiki si chako hiki?"

Macho yote yakamgeukia. Pale palikuwa na wateja wake wanne kwa uchache, na mmoja alikuwa kamwagiza vyombo vya harusi ya bintiye. Angesema, "Changu, ngoja nikalete patasi," ingekuwa kazi ya dakika tatu, na duka lake lilikuwa nyumba ya nne kutoka pale. Lakini wapi!

"Si changu," akasema. "Hivi vinatoka Lamu. Vina ufundi wake. Ukikilazimisha utaimwaga kafuri yote."

Mungu atusitiri. Pandu alikuwa keshaokota jiwe akivunje, akalitupa kwa ajili ya neno lile. Ndani walisubiri kidogo, kisha mtu akapelekwa mbio dukani, na Bi Mashavu akaoshwa kwa kafuri ya kununua. Miraji alilishika jeneza pamoja na wenziwe, akalibeba mpaka makaburini, na njia nzima hakuthubutu kumtazama Pandu.

Baada ya maziko Miraji alirudi dukani. Alivikusanya vikasha vyake vyote vya mti mbichi, hata vilivyokwisha nakshiwa, akavipasua kuni. Kwa wateja alianza kusema, "Rudi baada ya miezi sita," wakamnunia wakaenda zao. Hilo la mti alijifunza sawasawa, na halikumpunguzia kitu, maana lililokuwa likimla si mti.

Ilipopita arubaini, Mwanakheri, binti wa marehemu, alipiga hodi dukani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Akakiweka kikasha juu ya ubao wa kazi. "Naomba unifungulie."

Miraji akakifunga kwenye kerezo, akavuta upinde, patasi ikala pale kifuniko kilipoungana na kikasha. Haikufika hata dakika tatu. Kafuri ilikuwa ndani ya kitambaa chake, nyeupe, nzima, haikupungua chembe. Akaiweka patasi chini.

"Mwanakheri. Kikasha hiki nimekikereza mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama kila akipata mgeni alikuwa akikitoa kabatini. 'Tazameni kazi ya Miraji.' Akikipangusa na kukirudisha."

"Na siku ile mbona hukusema?"

"Nilikuwa ndani na maiti ya mama yangu," Mwanakheri akasema. "Nitoke nje nije kukusuta mbele za wanaume? Nilisema atakuja mwenyewe. Siku zote hizi, hodi ikipigwa, nnadhani wewe."

Miraji alitaka kusema nisamehe, akaona haya. Mwanakheri akachukua kafuri yake, akaaga kwa adabu, akatoka.

Baada ya swala ya alasiri, Miraji alivichukua vile vipande viwili vya kikasha akaenda navyo barazani. Walikuwapo wale wale, na yule baba wa bibi harusi aliyeagiza vyombo pia. Hakukaa.

"Jamaa, hiki changu," akasema. "Nilikikereza kwa mti mbichi na nilijua ni mbichi. Siku ile nilisema uongo. Ningeweza kukifungua."

Baba wa bibi harusi alitazama viatu vyake. Pandu alivipokea vile vipande, akavigeuza geuza, akamrudishia.

"Haya, sisi umetwambia," Pandu akasema. "Na marehemu, yeye utamwambia lini?"