Mkahawa Wenye Mwanga Hafifu

Kling. Kitu kiligonga kioo gizani, upande wa pili wa pazia. Maji yakatikisika kidogo, kisha kimya.

Verenia alifumbua macho. Sauti ile aliijua tangu utotoni: mama yake, Katriena, alikuwa anatoa meno yake kwenye glasi. Lakini ile ilikuwa sauti ya Jumapili, ya kanisa na mazishi na kupiga picha. Leo ilikuwa Alhamisi ya Julai, baridi imekaza, na lori lilikuwa karibu kupita kuwachukua wanawake kwenda kupogoa mizabibu. Nani huvaa meno ya bandia kwenda kukata matawi?

Akasikia mkate ukimegwa. Akasikia kutafuna kwa shida, kusimama, kuanza tena. Mama alikuwa anafanya mazoezi.

Verenia alijifunika blanketi hadi usoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama. Binti yake Mischka, wa miaka mitano, alikuwa amelala ubavuni mwake, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake.

Katika mashamba ya bonde la Robertson hakuna anayemshangaa mwanamke asiye na meno ya mbele. Katriena aliyang'oa manne ya juu akiwa msichana, kama wenzake, kwa sababu huo ndio ulikuwa urembo. Ukicheka na pengo lako, wavulana waligeuka njiani. Baadaye akatengenezewa ya bandia kwa ajili ya siku kubwa, na hayo yalikuwa ya kuonekana, si ya kulia chakula. Chakula kikifika aliyavua, akayafunga kwenye leso, akala mbavu za kondoo mpaka mfupa ukabaki mweupe. Nyumbani kwao jambo hilo lilikuwa kama mtu kuvua kofia mezani.

Verenia naye hakuliona kuwa la ajabu, mpaka alipoanza kwenda kwa kina Durand. Durand, baba yake Mischka, alikuwa fundi umeme, mpole, mwenye maneno machache. Wazazi wake waliishi mjini Worcester, walimu wastaafu wote wawili, watu wema. Siku moja wakinywa chai, mama yake Durand akamtaja mwanamke aliyemwona dukani. Mzuri kweli, alisema, mpaka alipocheka. Hawa watu wa mashambani, masikini, wanang'oa meno mazima. Alisema kwa huruma tupu. Verenia akatabasamu bila kufungua mdomo, akashika kikombe kwa mikono miwili. Hakusema kwamba mama yake ni mmoja wao.

Na sasa wazee hao walitaka kuja kuposa.

Posa kwetu ina njia yake. Wazazi wa mwanamume hugonga mlango wa wazazi wa msichana. Wakikaribishwa, huketi sebuleni, wakaeleza kilichowaleta, na mama wa msichana akikubali huwamiminia chai kwa mkono wake. Asipoligusa birika, wajue njia ya kurudi. Katriena alikuwa mjane, na Verenia mtoto wake pekee. Tangu Mischka azaliwe, hakuna alichokitamani kama kugongwa kwa mlango ule. Vikombe sita vyenye ukingo wa samawati vilikuwa kabatini, havijaguswa.

Verenia ndiye aliyeleta habari ya mkahawa. Alisema nyumba ni ndogo. Alisema upepo unapita chini ya mlango. Alisema siku hizi watu wengi hukutana nje, na mikahawa ya mashamba ya mvinyo iko kila kona, watu wanatoka ng'ambo kuja kula humo, sisi tunaishi hapa na hatujawahi kukaa.

"Binti wa mtu anaposwa hotelini," mama yake alisema, "kama sanduku lililosahauliwa mapokezi."

Akacheka, kisha akaona Verenia hacheki. Akasema haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma.

Lilikuwa neno la sifa. Miaka mitatu Verenia alikwenda shule ya jioni, na Katriena alimlaza Mischka kila jioni, hata siku za mavuno alizorudi na mgongo uliopinda. Lakini siku hiyo sifa ilimchoma.

Akaanza kuchagua. Mkahawa wa kwanza ulikuwa kilimani, kuta zake vioo vitupu. Jua liliingia mpaka kwenye sahani, na kila mgeni alionekana hadi jino la mwisho. Akashukuru, akaondoka. Wa pili ulikuwa chini ya miti ya mialoni, meza ndefu, moto wa kuni, na watu walikula mbavu kwa mikono. Harufu yake ilimjaza mate. Mama angeupenda huu. Ndiyo maana akaukataa.

Wa tatu ulikuwa ndani ya ghala la zamani la mvinyo, kuta nene, madirisha madogo. Mishumaa ndiyo iliyokuwa taa. Verenia alikaa kwenye kiti, akamwomba Mischka akae upande wa pili wa meza na acheke. Mtoto akacheka. Verenia aliona macho yake tu na ncha ya pua. Akasema huu utatufaa.

Msimamizi, dada mmoja mchangamfu, akauliza kama kuna mgeni mwenye chakula asichokula. Verenia alitaka kusema hapana.

"Mama yangu ni mgonjwa," alisema. "Chakula cha kutafuna hakimfai."

Dada yule akampa pole, akaahidi kumwambia mpishi. Verenia alitoka nje haraka, amemshika Mischka mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Jioni hiyo akamwomba mama yake jambo moja: siku ya chakula, asiyavue. Alisema akiwa anakunja nguo, bila kumtazama. Katriena akasema sawa. Ndiyo maana Alhamisi ile, gizani, alikuwa anajifunza kula mkate upya.

Jumamosi usiku wakakaa sita chini ya dari la mbao, pamoja na Mischka aliyevaa soksi nyeupe. Katriena alikuwa na gauni lake la kanisani. Alitabasamu vizuri, akaongea kidogo, na kila alipomaliza sentensi alibonyeza mdomo wa juu kwa kidole kana kwamba anafikiri. Mwalimu Adonis, baba yake Durand, aliuliza habari za upogoaji, naye akamweleza namna ya kuacha macho mawili tu ya kuchipua kwenye tawi, na mzee alisikiliza kama mwanafunzi. Verenia akaanza kupumua.

Kisha nyama ikaja. Mbavu za kondoo, kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Mhudumu, kijana mwenye sauti ya kusikika mbali, akazunguka meza na kuweka bakuli mbele ya Katriena.

"Na hiki ni cha mama mgonjwa," alisema. "Mpishi amesaga kila kitu, mama, huna haja ya kutafuna. Anakuombea upone."

Kwenye bakuli kulikuwa na uji wa rangi ya udongo. Verenia aliufahamu. Ni chakula kile kile alichomlisha Mischka akiwa na miezi sita.

Mama yake Durand aliweka uma chini. "Jamani, Mama Katriena, unaumwa? Mbona hatukuambiwa?"

Katriena alilitazama bakuli. Akamtazama binti yake, kwa utulivu, kama anavyoutazama mzabibu kabla hajaamua akate wapi.

"Tumbo tu," alisema. "Litapita."

Akachukua kijiko, akala.

Kijiko cha pili, cha tatu. Verenia hakugusa sahani yake. Mwalimu Adonis akakohoa, akasimama na glasi yake. Alisema kwamba wameona ua katika bustani ya watu, kwamba wamechelewa na wanaomba radhi kwa kuchelewa, kwamba mjukuu ameshawatangulia. Kisha akainama kuelekea kwa Katriena, akapunguza sauti, kama mtu anavyozungumza kando ya kitanda cha hospitali.

"Hatutaki kukuchosha, Mama. Ukiitikia kwa kichwa tu, tutaelewa."

Verenia aliona shingo ya mama yake ikianza kuinama. Jibu ambalo mama alilitunza kwa miaka, la kusema kwa sauti yake mwenyewe mlangoni pake, lilikuwa linakwisha kwa kuitikia tu kwa kichwa juu ya bakuli la uji.

"Si mgonjwa," Verenia alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mama si mgonjwa. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Niliona aibu kwa ajili ya meno yake. Anakula bila meno, na sikutaka mumwone."

Durand alitazama sahani yake. Mama yake akashika mkufu wake shingoni, akauachia. Labda aliikumbuka chai ile na mwanamke wa dukani, labda hakuikumbuka.

"Mwalimu, kaa," Katriena alisema hatimaye. "Nyama inapoa. Binti yangu haposwi hapa. Kesho, kanisa likitoka, njooni mgonge mlango. Nitamimina chai au sitamimina. Mtaona."

"Tutagonga," mama yake Durand alisema, taratibu.

Katriena hakumtazama Verenia. Aligeuka kando kidogo, akayavua meno, akayafunga kwenye kitambaa cheupe cha mkahawa. Kisha akalisukuma bakuli, akaivuta sahani ya binti yake ambayo haijaguswa, akashika kisu.

Kila mtu alikuwa na shughuli kubwa na mbavu zake. Verenia alitafuta neno la kuomba msamaha, likakwama, akabaki na mikono mapajani na sehemu tupu mbele yake mezani. Machozi yalimshuka, na mwanga ule aliouchagua mwenyewe haukutosha kuyaficha.

Mischka akashuka kitini, akazunguka meza na sahani yake mkononi, akasimama karibu na bibi yake.

"Bibi, na mimi nikatie nyama."